Dokta Aliyetusafishia Malisho

Kila asubuhi, kabla ya chai, aliosha buti zake. Zilikuwa buti nyeupe za mpira, kama zile za wachinjaji wa mjini, na katika vilima vyetu vya Masisi, ambako tope halikauki vizuri hata wakati wa kiangazi, mtu anayechagua buti nyeupe ameshajiandaa kudharau wenzake. Alizisugua kwa sabuni na burashi, akazisimamisha juu ya jiwe, akakaa kando yake miguu mitupu akizitazama zikauke. Nilikuwa jirani yake kwa miaka saba. Nyumba aliyopanga ilitenganishwa na yetu kwa ua wa matete tu, kwa hiyo nilimjua kwa namna ambayo mtu hapendi kujulikana. Nilijua anakohoa saa ngapi. Nilijua kwamba anasali kwa Kifaransa, na kwamba akiwa peke yake mezani hujipongeza kwa sauti.

Watu wote walimwita Dokta. Diploma yake ilikuwa imetundikwa ukutani ndani ya kioo, juu mno, na siku moja nilipoingia kumpelekea maziwa nilipanda kigoda nikaisoma. Ilisema msaidizi wa mifugo. Sikumwambia mtu. Wakati huo nilidhani ni aibu yake ndogo ya binafsi, kama mtu mwenye jino bovu. Na mimi niliendelea kumwita Dokta, na hapa pia nitamwita hivyo, maana jina lake halisi sitaki kulipa nafasi.

Hodari wa ng'ombe alikuwa, hilo siwezi kumnyima. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Goma, na nyumbani tulibaki mimi na Mama, na ng'ombe wangu kumi na wanne, na mlima mmoja wa malisho aliouacha baba. Mama alikuwa na ng'ombe wake wawili, aliowachunga kwenye kipande chake kando ya kijito. Mimi nilitengeneza fromaji, yaani jibini. Ng'ombe wangu mmoja aliposhindwa kuzaa, Dokta alivua shati, akaingiza mkono hadi begani, akakaa hivyo tangu saa mbili asubuhi mpaka jua likapita kichwani, akimwimbia yule ng'ombe nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Ndama alitoka hai. Dokta alilia. Machozi ya kweli, nayajua. Miaka ile yote sikuwahi kumwona akimpiga ng'ombe hata kwa kijiti, na mchungaji aliyempiga ng'ombe mbele yake alitukanwa mpaka akaomba msamaha.

Mwanzoni hilo lilinipendeza, baadaye likanichukiza kuliko mengine yote. Mtu anayemwonea huruma kiumbe kwa sababu tu ni kikubwa na kina macho mazuri ana huruma ya kijinga. Chochote kisichofika kimo cha goti kilikuwa uchafu kwake. Panya, mjusi, buibui, siafu, nyuki, chura, vyote aliviita kwa neno moja la Kifaransa, salite, akilitamka huku akikunja pua. Nyuki walipojenga kwenye paa lake aliwachoma pamoja na nusu ya paa, kisha akaja kwetu kuomba nyasi za kuezekea. Mama alimpa nyasi, lakini hakumpa chai.

Dawa aliyoileta ilikuwa ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mrefu. Unaimwaga juu ya mgongo wa ng'ombe, kuanzia shingoni mpaka mkiani, basi. Kupe wanaanguka kama maharage yaliyokauka, na minyoo ndani inakufa. Sitaki kudanganya: ilifanya kazi. Mwaka wa kwanza ng'ombe wangu waling'aa, maziwa yaliongezeka, na mimi nikaongeza sufuria ya fromaji. Mwenye akili angemwaga mara chache, pale kupe wanapozidi. Dokta alitaka kila mwezi, kwa kila ng'ombe, ndama na wajawazito wote. "Usafi haina siku ya mapumziko," alikuwa akisema. Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, aliyoitunga mwenyewe na kuirudia mpaka watoto wa kilima kizima wakawa wanamwiga. Mwingine ulikuwa: "Mimi sitibie ng'ombe moja, mimi natibie mulima muzima." Huo ulikuja kuwa kweli.

Mwaka wa pili, Mama aliona. Mama hakusoma hata darasa la pili, lakini alikuwa amechunga tangu ana miaka sita, na mtu anayechunga anatazama chini kuliko juu. Alianza kulalamika kwamba mavi hayaishi. Sikumwelewa. Akanichukua kwa mkono mpaka katikati ya malisho yangu akanionyesha. Kila mahali palikuwa na mavi ya ng'ombe yaliyokauka kama sahani zilizogeuzwa. Aliinua moja kwa kijiti. Chini yake nyasi zilikuwa za manjano, zimelala, na kuizunguka majani yalikuwa marefu, mabichi, bila kuguswa, kwa sababu ng'ombe hali majani yanayonuka mavi yake. Sahani moja si kitu. Lakini ng'ombe kumi na wanne hunya mchana kutwa, kila siku, na mlima hauongezeki.

"Zamani ilikuwa inaenda wapi?" Mama aliniuliza.

"Nini?"

"Hii mavi. Unazani ilikuwa inapanda mbinguni?"

Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Akanipeleka kwenye kipande chake kando ya kijito. Ng'ombe wake hawakuwahi kumwagiwa dawa. Alikuwa amemwambia Dokta kwamba kupe wake anawatoa kwa vidole. Pale, kwenye mavi ya asubuhi ile ile, kulikuwa na kazi kama ya soko siku ya Jumamosi. Madundu weusi, wengine wadogo kama punje ya mtama, wengine wakubwa kama ncha ya kidole gumba, walikuwa wakiingia na kutoka, wakichimba, wakishusha mavi ardhini vipande kwa vipande. Udongo ulikuwa umetobolewa kama kitambaa cha kuchujia maziwa. Nilisimama pale nikaaibika kidogo, kwa jinsi mtu anavyoaibika akigundua kwamba kuna watu wamekuwa wakimfagilia uwanja miaka yote naye hakuwahi kuwasalimu.

Mama hakuishia hapo. Alichukua mavi ya ng'ombe wake na mavi ya ng'ombe wangu aliyemwagiwa dawa wiki ile, akayaweka kando kwa kando karibu na ua, na siku ya tatu akamwita Dokta kupitia kwenye matete.

"Dokta, kuya uone."

"Nione nini, Mama?"

"Mavi."

Alikuja na buti zake. Majirani wawili waliokuwa wakipita na bidoni za maziwa walisimama pia. Fungu la kwanza lilikuwa limebaki makombo makavu juu ya udongo laini. La pili lilikuwa zima, limeng'aa, limefunikwa na mainzi, na pembeni yake madundu wanne walikuwa wamelala chali wakipiga miguu hewani polepole.

"Hii ni ya ng'ombe yangu, imeisha," Mama alisema. "Hii ni ya mutoto wangu. Iko vile niliiwekaka. Ile bidudu njo inamalizaka mavi. Inaiingiza mu udongo. Dawa yako inaiua."

Dokta alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasimama, akaangalia wale majirani wawili, akatabasamu.

"Mama," alisema, "mududu haina diplome."

Majirani walicheka. Na mimi nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nimeamua kumsema mtu huyu bila kumpunguzia, na haitakuwa haki nijipunguzie mimi. Nilicheka mbele ya mama yangu mzazi, kwa sababu fromaji zangu zilikuwa zinauzwa vizuri. Dokta akaweka kisigino juu ya madundu wanne, akageuza mguu, kisha akapangusa buti kwenye majani kwa uangalifu mkubwa. Mama alichukua jembe, akafukia mafungu yote mawili, akaingia ndani. Hakuwahi kumwita tena kwa jina la Dokta. Alimwita "ule wa buti".

Mainzi walikuja mwaka wa tatu. Siyo kwamba hatukuwa na mainzi zamani, lakini hawa walikuwa wingu. Mavi yasiyozikwa ni kitanda cha inzi. Walikaa kwenye macho ya ndama mpaka macho yakatoka usaha, ndama wawili wakapofuka. Walianguka ndani ya maziwa. Nilifunika sufuria kwa vitambaa viwili na bado niliwakuta ndani ya fromaji, wamelala katikati kama wamepangwa, na mteja wangu wa Shasha, mama aliyekuwa akiuza kando ya barabara ya ziwani, alinirudishia kikapu kizima, amekifunga vizuri kama alivyokipokea.

Dokta alifurahi. Mtu mwingine angeona haya; yeye aliona kazi mpya. Alileta dawa ya mainzi ya kupuliza, akapita malishoni na mashine mgongoni akipuliza kila sahani ya mavi, buti zake zikimetameta. Mainzi walipungua wiki mbili. Kisha walirudi, na safari hii ndege hawakuwapo. Kulikuwa na wale ndege weupe waliokuwa wakitembea nyuma ya ng'ombe kama wachuuzi nyuma ya lori, na kidege kidogo kinachotikisa mkia kilichokuwa kikichokoa kila fungu la mavi kutafuta mabuu. Wote walikuwa wakila wadudu wale tuliowapa sumu. Sikuona wakianguka. Walikoma tu kuja, na mtu hagundui kitu kilichokoma kuja mpaka ajiulize kwa nini asubuhi imekuwa kimya.

Hivi ndivyo alivyofanya kazi miaka yote: kila aibu ya dawa aliitibu kwa dawa nyingine, na kila chupa aliiinua kwenye mwanga kabla ya kuifungua, kama padri. Ukimlalamikia, alikusikiliza kichwa kikiwa upande, kisha alikueleza tatizo lako kwa maneno ambayo ulikuwa huyajui, ukaondoka ukiwa na chupa mkononi na aibu ya kuuliza swali la kijinga.

Mara moja tu nilimwona ameshushwa. Ng'ombe wa jirani alimpiga teke akavunjika ubavu, tukampeleka hospitali ya Kirotshe kwa moto, yaani pikipiki, mimi nimekaa nyuma nimemshikilia kama gunia la viazi. Muuguzi alipomwuliza jina, akasema, "Mimi iko Dokta."

"Dokta wa nini?"

"Wa ng'ombe."

"Bien," alisema yule dada bila kuinua macho kwenye daftari. "Hapa weye uko mugonjwa. Lala."

Alilala. Njia nzima ya kurudi alinieleza kwamba wauguzi wa siku hizi hawana adabu. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena katika habari zake.

Chini ya malisho yangu palikuwa na shamba la Papa Bahati. Ukoo wake ulilima kilima kile tangu kabla ya ng'ombe kufika, na kati ya ukoo wake na wetu kulikuwa na maneno ya zamani ambayo sisi wawili tulikuwa tumekubaliana kutoyagusa. Yeye alinipa maharage, mimi nilimpa maziwa, na samadi iliyooza vizuri aliichukua kwangu bure. Mwaka wa tano mvua ya Machi ilipiga siku nne. Malisho yangu, ambayo zamani yalikunywa maji kama sifongo, yalikuwa yamekuwa magumu. Hapakuwa tena na mdudu wa kuutoboa udongo wala kuulegeza, na nyasi zilikuwa zimebaki viraka. Maji hayakuingia. Yalikimbia juu, yakajikusanya, yakachimba mfereji wa kina cha mtu mzima, yakashuka ndani ya maharage ya Papa Bahati yakiwa yamebeba tope langu na sahani zangu za mavi ambazo hazikuwa zimeoza.

Alipanda mlimani akiwa ameshika mche mmoja wa maharage, umejaa tope mpaka majani. Dokta alikuwa kwangu, akimwaga dawa. Papa Bahati hakupiga kelele. Aliuweka ule mche juu ya ukuta wa zizi.

"Ni climat, Papa," Dokta alimwambia kwa huruma. "Dunia nzima iko vile sasa."

Papa Bahati alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Dunia nzima haikuingia mu maharage yangu," alisema. "Ni mulima ya huyu mama njo iliingia."

Akashuka. Msimu ule watoto wake walikula mihogo ya kuomba kwa ndugu, na maneno ya zamani kati ya koo zetu yakaanza kusemwa tena visimani, na vijana wakaanza kupita mbele ya zizi langu wakiwa na mapanga bila kusalimia. Katika vilima vyetu mambo huanza hivyo, na kila mtu anajua yanakoishia. Mimi nililala na wasiwasi ule miezi mingi. Dokta alilala vizuri. Nilimsikia akikoroma ng'ambo ya matete.

Hata hapo sikuacha. Niliacha mwaka wa sita, nilipobaki na ng'ombe watano, wengine nikiwa nimewauza kwa sababu majani hayakuwatosha. Nilimrudishia Dokta chupa iliyojaa nusu. Alisema nitajuta. Wengine wakafanya kama mimi, mmoja mmoja, na siku moja ya mwaka wa saba buti hazikuwa juu ya jiwe. Alikuwa ameondoka na moto alfajiri bila kumuaga mtu. Ukutani palibaki alama ya mraba palipokuwa na diploma.

Mama alikuwa na miaka sabini na kitu. Bila kunishauri, kila asubuhi alijaza ndoo mavi ya ng'ombe wake, yakiwa na wenyeji wake weusi ndani, akapanda nayo polepole mpaka malishoni kwangu akayaweka kwa mafungu. Alifanya hivyo misimu miwili, mpaka magoti yakamkatalia. Wa tatu niliibeba ndoo mimi. Nyasi zilianza kurudi kutoka upande wa kijito, kidogo kidogo. Papa Bahati alianza kunisalimia tena, ingawa maziwa hapokei mpaka leo.

Mwaka uliopita nilikwenda Walikale. Mdogo wangu, Esperansi, ameolewa huko na mwalimu, katika kijiji cha msituni kando ya mto mdogo, na alikuwa ameniandikia kwenye simu kwamba mtoto wake anaumwa. Nilipanda moto siku mbili, barabara mbaya, madaraja ya magogo. Nilipofika nilimkuta mtoto wa miaka mitatu amekaa mlangoni bila kucheza, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi kama nyuzi za mahindi. Bwaki, ugonjwa wa utapiamlo. Kwetu Masisi, kwenye maziwa na maharage, tunaiona kwa wakimbizi tu. Nikashangaa, maana Esperansi alipoolewa alikuwa akinitumia samaki waliokaushwa kwa moshi, na kaa, na kamba wadogo wa mtoni, mpaka nikamwambia apunguze.

"Mutoni haiko kitu tena," aliniambia. "Zamani sisi bamama tulikuwa tunafunga kijito na udongo, tunamwaga maji inje na bikapo, tunaokota samaki. Kila mama na batoto yake. Sasa unaweza kufunga kijito siku nzima unapata majani."

"Samaki ilienda wapi?"

"Bijana banamwangaka dawa kule juu. Samaki inaelea yote, na kaa, na bile bidogo yote. Banajaza magunia mara moja. Kisha mwaka nzima haiko kitu. Na mbu sasa! Bile samaki bidogo njo ilikuwa inakulaka mayai ya mbu."

"Banatoa wapi dawa?"

Akanielekeza kwa kidevu. Kibanda cha mbao, mwisho wa kijiji, rangi ya kijani. Buti nilizitambua kabla ya kumtambua yeye. Zilikuwa za rangi ya chai sasa.

Alinipokea kama dada yake. Alipangusa kiti, akauliza habari za Mama, akauliza habari za kila ng'ombe kwa jina, na waliokufa aliwasikitikia. Walikale hakuna ng'ombe wa kutosha kumlisha mtu kama yeye, kwa hiyo aliuza kila kitu: vidonge, betri, sabuni, vyandarua vya mbu. Na nyuma yake, kwenye rafu, zile chupa za mdomo mrefu, safu mbili.

"Huku haiko ng'ombe," nilimwambia. "Hii unauzia nani?"

"Batu ya mbuzi."

"Dokta."

Alicheka kidogo. Akasogeza mlango ukabaki wazi nusu.

"Batu bananunua. Wanaenda kufanya nini, mimi sijue."

"Unajua. Na mavi ya Masisi ulijua."

Sijui kwa nini nililisema hilo. Nilikuwa nalikisia tu. Alikuna shavu, na alipojibu alikuwa mtulivu kama mtu anayemweleza mteja kipimo.

"Niliionaka mwaka ya kwanza," alisema. "Kabla ya mama yako. Nilihesabu madundu ku malisho yako kila mwezi, naandika mu kayee yangu. Mwezi ya sita nilipata sifuri. Ningekuambia nini? Maziwa ilikuwa imepanda. Ningesema ukweli mungenifukuza, na mimi nilikuwa na kazi muzuri pale. Batu balikuwa bananiita Dokta."

Miaka yote nilikuwa nimemdharau kwa ujinga. Niliona pale kwamba nilikuwa nimempa heshima kubwa mno. Alikuwa ameona yote, amehesabu, ameandika, kisha akaweka kisigino. Niliinuka. Aliniomba, bado kwa utulivu, nisiwaambie watu wa pale, kwa sababu ni watu wakali na yeye ameshazeeka. Akanipa sabuni mbili za mtoto, zawadi. Niliziacha juu ya kiti.

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, nilikwenda na Esperansi mtoni. Wanawake kama kumi walikuwa wakifua na kuchota. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma kila jiwe, na katikati ya mawe hapakuwa na kitu kilichosogea. Nilikaa juu ya gogo nikiwa nimempakata mtoto wa Esperansi, nikawaeleza. Niliwaambia chupa inafanana vipi. Niliwaambia kwamba haiui samaki mkubwa peke yake, inaua na kile anachokula, na mayai yake, na ndiyo sababu mto unabaki mtupu. Niliwaambia habari za mlima wangu, madundu, mainzi, ndege, mfereji, maharage ya Papa Bahati. Niliwaambia kwamba mwuzaji anajua, na kwamba alijua hata kule kwetu. Nilisema vizuri, kwa mara ya kwanza nilikuwa na maneno ya kumtosha mtu yule, na ninakiri nilikuwa nayafurahia.

Waliacha kufua. Mwanamke mmoja mrefu, aliyekuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akauliza:

"Na weye, mama? Weye ulijuaka lini?"

Nilidhani hakunielewa. "Yeye njo alijua mwaka ya kwanza," nilisema.

"Nimesikia yeye. Nauliza weye."

"Mwaka ya pili. Mama yangu alinionyesha."

"Uliacha mwaka gani?"

Nilimsogeza mtoto mapajani mwangu.

"Ya sita," nilisema.

Hakunitukana. Aliwatazama wenzake, akapandisha kitenge chake, akatoka mtoni. Mmoja mmoja wakatua nguo walizokuwa wakifua juu ya mawe wakamfuata, wakielekea upande wa kile kibanda cha kijani, hawakimbii. Hakuna aliyeniita niende nao. Esperansi alisimama mbele yangu kidogo, akainama, akamchukua mtoto wake kutoka mapajani mwangu, akamfunga mgongoni, akapanda njia nyuma ya wenzake.